Matofali ya Mfaume

Jumamosi kiwandani tunafunga saa sita.
Korosho nzima hupimwa, huingia kwenye ndoo ya bosi;
vipande anatuuzia sisi wenyewe tuliovivunja,
bei ya kutupa, anasema.
Kilo moja na nusu, nimefunga kwenye pindo la kanga.

Somoe ananingoja mlangoni, mwiko begani kama jembe.
Mfaume amekwisha kunawa, mara tatu, anajisifu,
na hapa Newala, ambako maji tunanunua kwa dumu,
namwambia moja ingetosha.
Ananyoosha mikono nikague.
Mbele. Nyuma. Vizuri. Kucha je?
Mikono inakimbilia mgongoni.

Haya. Ufuta kwanza, kikaango kikavu, moto wa kuvizia.
"Ukianza kuruka, epua. Usingoje jirani aje na sahani."
Unaruka kweli. Chembe moja inamwingia Mfaume puani
na Somoe anacheka mpaka anasahau kuepua.
Umeungua kidogo, pembeni. Tutasema ndio mtindo.

Ndizi tatu nyeusi, ambazo muuzaji alikuwa anawawekea mbuzi.
Anaziponda yeye, kwa ngumi, kwa hasira ya kujitungia.
Vikombe viwili vya unga wa ulezi.
Vipande vya korosho, twanga, lakini visiwe vumbi,
jino lipate kazi.
Asali ya mjomba wa Nachingwea
katika chupa iliyokuwa ya dawa ya kikohozi:
vijiko vitano, na cha sita cha kulamba.
Chumvi, ya kubana kwa vidole viwili.
"Chumvi ya nini kwenye kitamu?"
Utamu usio na chumvi unasinzia, mwanangu.

"Na sukari?"
Sukari hatutii.
Simwambii habari za kadi ya kliniki chini ya godoro,
nukta za muuguzi zinavyoteremka tangu Machi,
kijani, kijani, kisha kijivu.
Nasema: asali ina wivu.
Anaikubali. Ana miaka minne na nusu,
mambo ya wivu anayajua.

Sinia imepakwa mafuta. Shindilieni, nasema,
pasibaki pengo.
Somoe anatumia kiganja. Mfaume kidole gumba,
hapa, na hapa, na hapa,
kama karani mwenye foleni ndefu.

Mwezi jana nilikwenda kusajili laini ya simu.
Mashine ilionja kidole changu, ikakataa.
Cha pili. Cha tatu. Kijana akafuta kioo,
akanifuta na mimi, kwa kitambaa chake cha miwani.
"Mama, huna alama."
Miaka kumi na mmoja ya mafuta ya ganda la korosho:
yanakula ngozi polepole, kwa adabu,
kama mgeni asiyetaka kuonekana mlafi.

Oveni yetu ni sufuria kubwa, mchanga ndani,
sinia juu ya mchanga, mfuniko, makaa juu ya mfuniko.
Kusubiri ndiko kugumu. Mfaume anahubiria sufuria:
"Iva. Iva basi. Mbona huivi?"

Somoe anakata kwa rula ya shule,
sentimita tatu kwa nane, ulimi nje.
Kumi na saba na kimoja kilichopinda.
"Matofali!" anapiga kelele Mfaume. "Tutajenga!"
Wanagombania kilichopinda.

Na kimoja, cha katikati, kina gumba lake,
limeokwa, limekauka, mistari yote ipo,
inazunguka na kuzunguka mpaka kwenye kitovu chake.
Nilikisogeza pembeni. Nilitaka kukificha
kwenye kopo la chai, sijui kwa nini, mpaka lini.

Nilipogeuka kutia maji kwenye makaa
alikuwa amekwisha kukila,
ufuta kidevuni, mkono umenyooshwa,
kiganja juu:
"Kingine."