Usiifute Hii

Theluji ya Tartu imeifunika baiskeli ya marehemu.
Leelo amevaa miwani, nyingine kaisahau kichwani,
na kompyuta ya Vambola inahema mezani
kama mtu aliyepanda ngazi.

Programu imemaliza kuhesabu:
faili elfu nne mia sita na tatu
zina mapacha.
Picha ya uyoga, mara kumi na moja.
Risiti ya jiko. Nakala. Nakala ya nakala.
Ndivyo alivyokuwa: akifunga mlango
hurudi kuujaribu,
akifika getini
hurudi tena.

Anafuta.
Uyoga ule ule, kumi, kapuni.
Diski inapata pumzi.

Kisha hizi mbili. Ukubwa mmoja, tarehe moja,
yeye mwenyewe jikoni, unga kwenye nyusi,
anamcheka aliyeshika kamera.
Mashine inaapa hazipishani hata nukta.
Ya kwanza inaitwa 0417.
Ya pili inaitwa
Leelo, usiifute hii.

Kumbe alijua nani atakuja kufagia.

Anateua 0417.
Kidole hakishuki.
Anainuka, anakwenda kuchemsha maji.