Sakafu ya Nugzar

Ghorofa ya nne, Tbilisi. Sakafu ya mbao
imeinama kuelekea dirishani;
ukidondosha zabibu, itajiendea yenyewe.

Spika zake mbili, zinazomfika kifuani,
zilisimama kama walevi harusini.
Besi ikigonga, glasi kabatini zikilalamika,
na jirani wa chini akipiga dari kwa ufagio.
Nugzar hakusikia.

Alisikia juzi,
mjukuu wake Elene alipojivuta kwa vidole viwili
na spika ikamwinamia.
Aliidaka. Bega bado linamuuma.

Leo yuko magotini na pimamaji.
Anakaza miguu ya chuma, nusu mzunguko, robo;
kiputo kinahama, kinarudi, kinagoma.
Upande wa dirisha, sarafu mbili za tetri.
Chini ya yote, vipande vya marumaru
vilivyobaki walipojengea kaburi la Lamara.
Mkanda nyuma, hadi ukutani.

Anawasha.
Besi iliyokuwa tope
sasa ni uzi, na kidole juu ya uzi.
Glasi kimya.

Elene anatambaa, anaikumbatia spika,
anasukuma kwa nguvu zake zote.
Haiendi.

Basi anasimama yeye.