Sakafu Mbili za Mto Ems

Muuzaji kaja na masanduku matatu,
kayapanga mezani kama mwenye kupeleka posa.
"Hiki," asema, "hupiga mialo mia tano kwa mpigo,
huchora mto mzima rangi kwa rangi,
hata gurudumu la baiskeli utaliona na njiti zake."
Sikatai, picha ni nzuri.
Lakini Ems hapa Emden si maji, ni uji,
na uji hauna uso wa kupigwa picha.

Cha pili Okko akakishusha: masafa ya juu,
sauti nyembamba kama sindano.
Ikagusa tope la juu, lile jepesi linalotembea na maji kujaa,
ikarudi mbio kusema: mita saba na nusu.

Cha tatu kina koo mbili.
Kwa la kwanza kikamuunga mkono mwenziwe, saba na nusu;
kwa la pili, sauti nene ya kifuani,
kikapenya, kikapenya, kikagota mchanga mgumu:
mita tisa na robo.
Mahali pamoja. Saa ileile. Mashua haijasogea.

Kati ya sakafu na sakafu
kuna kitu ambacho si ardhi wala si maji,
na humo ndimo fedha zilimo.
Mwenye meli ya kuchimba hulipwa kwa ujazo;
yeye apenda sindano.
Rubani Habbo, mpitisha meli za magari miaka thelathini,
apenda kifua:
"Tope hilo nalikata kama siagi,
msinifungie mlango kwa kivuli."

Marehemu baba alikuwa na bildi tu,
risasi ya kilo tano, kamba yenye mafundo,
na shahamu kaipaka kitakoni
ili chini pamwachie ushahidi.
Hakuiuliza tu umefika wapi;
aliiuliza umegusa nini.
Nilimcheka, nina miaka kumi na tisa na kikokotoo kipya.

Nikawaambia vijana: kabla ya bei,
teremsheni sahani ya chuma kwa mnyororo, mita tano kamili,
tuone nani atasema tano.
Na pimeni chumvi kwanza. Bahari ikipanda sauti hukimbia,
mto ukishuka hujikokota,
na mpimaji asiyejua mwendo wa mjumbe wake
huandika uongo wenye desimali mbili.

Kile cha rangi kilisema tano na sentimita kumi na moja.
Muuzaji akakohoa.

Saa kumi jioni tulipanda kwa Foelke, mamaye Okko.
Akatia donge la sukari, akalimiminia chai, likaalika,
akadondosha malai pembeni,
yakazama, yakaibuka kama wingu.
Huku kwetu chai haikorogwi.
Kwanza malai, kisha uchungu, utamu ndio sakafu,
na mwenye haraka ataapa kikombe hakina sukari.

Nimechagua cha tatu, cha kijivu, kizito kubeba,
kisicho na picha ya kumwonyesha meya.
Fomu ya bandari ina kisanduku kimoja: KINA.
Nimekigawa kwa rula.
Jana mhasibu kairudisha, wino mwekundu:
"Andika kimoja."

Nimeituma tena. Mstari nimeukoleza.