Difu ya Nyuma

Muuzaji wa Tokmok aliniapia mara tatu:
gari la mwalimu hili, mwalimu wa hesabu,
shuleni na nyumbani, lami tupu,
mto halijaujua hata kwa jina.
Nikalipa. Nikalileta Naryn kwa gia ya tatu
kwa kuwa ya nne ilikuwa inalalama,
na sikumwambia mtu.

Mimi ni daktari wa mifugo.
Farasi simnunui kabla ya kumpanua kinywa.
Lakini Pajero hili, lenye miaka ishirini na saba,
nililipendea rangi, kijani cha chupa,
na penzi, mnajua, halikagui meno.

Basi leo Jumapili, nyuzi tisa chini ya sifuri,
nimetandika gunia uani, nimelala chali,
tochi kinywani, spana kifuani,
na Kubanych, mtoto wa jirani, ananipa vitu
kabla sijaviomba, na aghalabu sivyo nivitakavyo.

Oili ya injini nyeusi kama masizi,
ila imefikia alama. Haya.
Rejeta ina maji ya kutu; nitayamwaga.
Filta ya hewa naigonga ukutani:
vumbi, jani, na nyuki mmoja mkavu, mzima mabawa yote.
Kubanych anamtia kwenye kiberiti.
Mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini?
Mwalimu wa hesabu hakuandika tarehe.
Tairi tatu zimezaliwa mwaka mmoja.
Ya nne ni dada yao mkubwa, kwa miaka minane.

Chasisi naigonga kwa nyundo ndogo
kama nigongavyo ubavu wa ng'ombe aliyevimbiwa,
nikisikiliza. Chuma kizima hulia,
kilicholiwa hunyamaza. Karibu na gurudumu la kushoto
pamenyamaza mahali pa ukubwa wa kiganja.
Na kwenye springi, sufu.
Sufu ya kondoo, imegandana na tope,
tope la kijivu la malisho ya juu
kusiko na lami wala hesabu.

Nacheka. Halafu naacha.

Difu ya nyuma: fungua kwanza nati ya juu, ya kujazia,
ndipo uguse ya chini. Nilifundishwa hivyo
na marehemu mume wangu, kwa kelele,
siku nilipofanya kinyume.
Ya juu inakataa. Naivalisha spana,
spana naivalisha bomba, bomba nalining'inia.
Inalia kama mlango. Kisha ya chini.

Kinachotoka si oili.
Ni chai ya maziwa,
nzito, inateremka taratibu kwenye beseni,
na Kubanych, mtoto aliyelelewa vizuri,
anauliza kama alete vikombe.

Maji. Gari lilisimama mtoni na difu ya moto,
likashtuka kwa baridi, likavuta pumzi,
likanywa. Tena si mara moja.
Njia ya mwongo ni fupi;
hii ilikuwa na urefu wa nati mbili.

Nampigia Toktosun kwa kidole cha grisi.
Inaita mpaka inachoka.
Basi nakaa juu ya tairi la akiba, namtukana
kuanzia viatu kwenda juu, na nilipofika kiunoni
nikakumbuka Mei: mto At-Bashy umejaa,
kondoo mia sita ng'ambo wanasubiri chanjo,
na mimi upande huu na sanduku la barafu.
Mtu alikwisha kuvuka na gari hili.
Alivuka, akatoka, akapakia kondoo, akarudi.
La mwalimu lingeniuliza njia.

Sisemi nimemsamehe.
Kijibomba cha kupumulia kimeoza; nakikata,
naweka mpira wa dripu kutoka kliniki,
naupandisha hadi chini ya boneti, juu ya maji yoyote
ninayokusudia kuyaingia.
Oili mpya naijaza mpaka inachuruzika tunduni.

Navuta ile gia fupi. Inagoma, inagoma,
inaingia kwa kishindo kilichomwamsha mbwa,
na magurudumu yote manne yanauma theluji pamoja.
Kubanych anapiga makofi, kiberiti mkononi.

Simu inalia kitini. Ni Tokmok.
Mikono yangu ina oili.
Acha ilie.