Kuzeesha

Nurettin alikuwa na miaka kumi na saba
aliposhuka Istanbul na begi moja na jibini ya mama
kufundishwa kazi ya kuzeesha suruali.
Ndiyo, kuzeesha.
Jinzi hutoka cherehani imekakamaa, buluu kama wino,
naye akaielekezea mpira unaotapika mchanga,
pajani kidogo, gotini zaidi,
mpaka ifanane na suruali ya mtu
aliyeishi.

Chumba kilikuwa chini ya ardhi,
dirisha limezibwa kwa nailoni mchanga usipotee bure.
Jioni waliufagia, wakauchekecha, wakautumia tena.
Barakoa za karatasi, moja kwa wiki.
Walilala humohumo juu ya marobota, vijana tisa wa bonde letu,
wakaamka na kope nyeupe wakitaniana:
"Shikamoo, babu! Umezeeka usiku huu?"
Alinisimulia kwenye simu, nikacheka.
Nalitaja hapa kwa sababu nilicheka.

Pesa zilikuja. Tukaezeka bati jipya,
tukanunua ng'ombe wawili,
mimi nikajitanda hariri kwenye harusi ya binamu.

Mwaka wa nne alirudi, theluji imefika magotini.
Kutoka kituo cha basi hadi mlangoni kwetu
ni mwendo wa sigara moja.
Alisimama mara tano
akijidai anatazama milima,
milima aliyozaliwa akiiona!

Daktari wa wilaya akasema kifua kikuu.
Miezi sita ya vidonge,
sahani yake mbali, kikombe chake mbali,
mama akikichemsha mara mbili huku anamwomba radhi.
Halafu Ferhat akaanza. Halafu Sabri, mtoto wa msaga ngano.
Daktari wa Erzurum ndiye wa kwanza
ambaye hakuuliza nani anakohoa nyumbani.
Aliinua picha kwenye mwanga, akauliza:
"Unafanya kazi gani?"

Mchanga, akatueleza, pafu haliusagi wala haliutemi.
Linaufungia kovu ndani,
kama gome la mti linavyomeza msumari,
kovu juu ya kovu, hata ukiwa umeacha kazi,
hata ukiwa umelala.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.
Sawa. Na mvukuto ukipasuka?

Tulishtaki. Karakana siku hizi inauza magauni ya maharusi,
bosi hamkumbuki kijana yeyote,
na jina la kaka yangu halimo katika daftari lolote la bima.
Hakimu, mtu mpole, akataka ushahidi.
Nikamwambia: Mheshimiwa, anao kifuani.
Subirini kidogo, tutauzika, mtaufukua.
Kesi ikaahirishwa hadi Machi.

Hakufika Machi.
Wiki za mwisho alilala ameketi, mito minne mgongoni,
akisema neno, akipumzika, akisema neno.
Neno moja lilikuwa "dirisha."
Lilikuwa wazi tayari.

Ardhi ya Februari huchimbwa kwa sururu.
Wazee ndio walichimba:
baba yake Ferhat, msaga ngano, imamu mwenye miaka sabini,
kofia chini, jasho likitoa mvuke.
Vijana walikaa ukutani, wameegemeana,
wakiwashikia makoti.

Juzi mwanangu Baran kaniomba jinzi ya sikukuu,
ile iliyopauka mapajani, kama ya wenzake.
Nimemnunulia nyeusi tii, ngumu kama mlango,
ikisimamishwa inasimama yenyewe.
Amenuna tangu asubuhi.
Nimemwambia: izeeshe mwenyewe.
Panda miti nayo. Piga magoti kanisaidie kung'oa vitunguu.
Ikae miaka kumi, ishirini,
ichakae wewe ukiwa ndani yake,
unapumua.