Mkia na Mkato

Faili elfu arobaini na moja, mia tatu na sita.
Nilizihesabu kwa amri moja, asubuhi, mjini Tulcea,
theluji ikidondoka kwenye kingo za dirisha la masjala,
Sorinel akipuliza kahawa yake kama anayezima moto.

Kosa lenyewe ni dogo kuliko kiroboto.
Chini ya herufi, mashine za zamani zilichora mkia, ş,
umeng'ang'ania kama kupe.
Kiromania kinataka mkato, ș,
uning'inie peke yake, bila kugusa.
Ukodoe macho upendavyo, tofauti huioni.
Kompyuta inaiona, na haisamehe:
ukimtafuta Mușat kwa mkato,
Muşat wa mkia hajazaliwa,
hajaoa, hana kiwanja, hana kaburi.

Mkuu wa ofisi akasema: Ijumaa.

Basi, kwa chombo gani?

Nilianza na kihariri changu cha kila siku,
chenye rangi za pipi na vitufe vya duara.
Fungua, tafuta, badilisha zote, hifadhi, funga.
Fungua.
Hadi adhuhuri nilikuwa na mia mbili na kumi
na kidole cha shahada kilichokufa ganzi.
Nikazifungua zilizobaki kwa mpigo. Skrini ikaganda,
feni ikalia kama birika, kisha giza.

Sorinel akacheka. Yeye ni wa kile kihariri cha kale,
skrini nyeusi, kipanya marufuku,
ambacho hata kutoka ni sharti ufundishwe.
"Kirekodie mwendo wako mara moja,
kitaurudia mara elfu."
Kiliurudia kweli, pamoja na chafya
iliyotelezesha kidole chake katikati:
faili sitini zikapata herufi j ya bure.

Ndipo Dorina wa orofa ya pili akashuka na mstari mmoja,
ameuandika nyuma ya risiti ya mkate:
mikwaju, nyota, mabano,
kama mahali palipoparurwa na kuku.
"Sekunde nne," alisema. "Masjala nzima."

Mchagua jembe si mkulima, husemwa.
Aliyesema hakuwahi kukabidhiwa jembe
linalolima wilaya nzima kwa sekunde nne,
makaburi yakiwemo.

Kidole kilikuwa juu ya kitufe
Gülşen alipoingia na muhuri, kutoka dirisha la vyeti.
Akainama, akaisoma risiti polepole.
"Na mimi?"
"Wewe vipi?"
"Mimi Mturuki. Mkia wangu si kosa.
Baba aliuandika kwa kalamu mbele ya karani.
Karani akaukata. Baba akaurudisha."

Kimya. Feni tu.
Sekunde nne, na akina Ayşe, akina Şaban wa Babadag
wangeamka Jumamosi
wakiitwa kitu kinachofanana nao.

Risiti niliikunja, nikaitia mfukoni.
Haikuwa mbaya; ilikuwa ya kazi nyingine.
Nikatoa nakala ya akiba, mbili, moja nikaenda nayo nyumbani,
nikaketi na ile lugha yenye jina la chatu,
ndefu, ya kuchosha, inayokubali kuambiwa "ikiwa".
Ikiwa baba ni fulani. Ikiwa kijiji ni fulani.
Ikiwa hujui, simama, uliza.

Ijumaa ikapita. Mkuu akapiga meza, naye akapita.

Jumanne usiku programu ilisimama
kwenye jina moja: Selim Muşat.
Nusu huku, nusu kule. Gülşen akapiga simu.
Mwanamume akaitika kwa sauti ya usingizi,
akaelezwa, akarudia kuelezwa.
"Hakuna aliyewahi kuniuliza," akasema,
kisha akanyamaza, anafikiri,
tukisikia saa ya ukutani kwake,
na kishale changu kikipepesa
penye nafasi ya herufi moja.