Karani Alisikia Mfalme

Baba alikata kopo la biskuti kwa mkasi wa kunyolea kondoo,
akalikunja likawa taji, akalitundika juu ya jiko
kule Ballarat, Australia, ambako vumbi lina rangi ya kutu.
"Sisi ni King," alisema, "na King ni mfalme.
Jina haliokotwi njiani."
Mgongo wake ulishapinda kwa kondoo wa watu,
mia na ishirini kwa siku,
na bado alikaa mezani kama anayesubiri kuinamiwa.

Nilikuja Konemara na jina lake mfukoni.
Mvua ya huku hainyeshi. Inakaa.
Inakaa juu ya kuta za mawe, juu ya miwani yangu,
juu ya punda mmoja asiyejali.
Parokiani nilifunua vitabu vya ubatizo,
wino umechujuka kama chai ya mara ya tatu:
King, King, King,
kisha ukurasa wa miaka ya njaa, umeliwa na unyevu,
na nyuma yake hakuna King hata mmoja.

"Hutampata," alisema Bairbre Ní Chualáin,
mwenye funguo za kanisa, unga wa mkate bado kuchani.
"Walikuwa Mac Conraoi.
Karani alikuwa mgeni, na sikio lake mgeni zaidi.
Alisikia ule mkia, *raoi*, akadhani ni *rí*,
na *rí* kwetu ni mfalme.
Akaandika. Akakausha wino. Akaita mwingine."

Na Conraoi je?

Alinitazama kwanza, kama anayepima maji kwa kidole.
"Mbwa wa uwandani.
Wewe, mama, ni mwana wa mbwa.
Usinune. Zamani shujaa aliitwa hivyo akashukuru."

Nilimpigia kaka yangu Mervyn. Kwake ulikuwa usiku wa manane.
"Haya, malkia, ikulu umeiona?"
Nimeona ukuta wa kimo cha goti,
ndani yake miiba, na kondoo wa mtu mwingine.
Nikamweleza habari ya mbwa.
Alinyamaza hadi nikadhani simu imekatika.
Kisha, nyuma yake, nikamsikia Tess,
mbwa wa baba, kipofu sasa, kibogoyo,
akibwekea mlango ambao hakuna aliyebisha.

"Taji nilishushe?"
"Liache," nilisema.
"Ila mfungulie mwenye jina lake."